Mwaka wa Siki na Tangawizi

Juzi Yan alinipigia simu kutoka Guangzhou, ile simu ya kuonana nyuso, akaniambia kwamba Bi Wong amefariki. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo, halafu akaniangalia akingoja niseme kitu. Kichina changu kimeshaota kutu, na siku ile hata Kiswahili kilinikimbia. Nikasema tu, "Alikuwa mtu mzima sana." Yan akasema, "Ndiyo, Shangazi. Lakini mpaka mwisho alikuwa anafuma." Tukaagana. Nilikuwa nimeweka birika motoni, maji yakachemka mpaka yakakauka, na mimi nimekaa pale pale jikoni kwangu Ng'ambo, Unguja, mkono shavuni, mawazo yamenirudisha kwenye nyumba moja karibu na mtaa wa Yide, ambako niliishi mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja si kitu. Nimekaa miaka mingi kwengine na sikumbuki hata rangi ya mlango. Nyumba ile naikumbuka mpaka ufa wa bakuli.

Naandika, lakini wasiwasi ninao. Skuli niliiacha kidato cha pili, na wanaojua kuandika wataona. Kweli nina tabia ya kuandika kila jioni mambo ya siku, tabia niliyoanza usichana, lakini daftari la mwaka ule nimelifungua na halinisaidii: mvua imenyesha, nimekula samaki, mzigo umechelewa. Mambo yenyewe sikuyaandika, maana niliogopa asije mtu akayasoma. Kwa hiyo nategemea kichwa changu, na kichwa changu nakijua, kinapenda kupamba. Nitajitahidi kusema niliyoyaona, na pale nisipojua nitasema sijui. Bi Wong ana haki hiyo kwangu, na wale aliowaumiza nao wana haki yao.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakati huo wafanyabiashara wetu wengi bado walikuwa wanaishia Bangkok na Hong Kong. Guangzhou tulikuwa wachache, na mwanamke wa Kizanzibari aliyetembea Yide na buibui lake alifuatwa na watu kama arusi. Nilikuwa nanunua midoli, kalamu na mabegi ya skuli, vitu vya kuchanganya katika kontena la watu wengi. Mama Leung alikuwa na duka lake la maua ya plastiki pale pale Yide, upana wa mlango mmoja. Mjane, mfupi, sauti yake ya kupatana bei inasikika ng'ambo ya barabara. Tulijuana kwa kikokotoo: anaandika namba, nafuta, naandika yangu, anajishika kifua kama nimemchoma kisu. Siku moja nikaanguka dukani kwake. Homa. Malaria yangu nilikuwa nimesafiri nayo kutoka nyumbani bila kujua. Mama Leung akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo jirani zake walinisimulia baadaye kama muujiza, akanipeleka hospitali kisha nyumbani kwake, kwa sababu alisema hotelini hakuna mtu wa kunikorogea uji. Nilipopona nikataka kuondoka. Akasema chumba cha marehemu mumewe kipo wazi, kwa nini nikalipe hoteli? Hivyo ndivyo nilivyobaki.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, jengo la zamani walilopewa wafanyakazi wa kiwanda fulani cha serikali na ambalo sasa lilikuwa la kila mtu na si la mtu. Vyumba viwili, na jiko lililotokeza nje ukumbini, mlango wake ukifunguka kwenye ngazi, hivyo kila anayepanda alijua nyumba gani inakula nini. Viatu vilikaa nje ya mlango. Mvua za huko zikianza, kuta zilitoa jasho na nguo zilikaa wiki bila kukauka. Na jambo ninalolikumbuka kwa shukurani kuliko yote ni sufuria. Mama Leung alipofahamu kwamba sili nguruwe, hakucheka wala hakuuliza sana. Alikwenda sokoni akarudi na sufuria mpya, kikaango kipya, ubao mpya wa kukatia na bakuli jeupe, akavifunga vyote utepe wa kijani alioutoa dukani kwake. "Kijani chako," akasema. "Mkono wangu ukishika nyama yetu, naunawa kwanza, ndiyo nashika kijani." Mwaka mzima hakukosea hata mara moja. Nimekaa na Waislamu wenzangu ambao hawakuwa waangalifu hivyo na chakula changu.

Bi Wong nilimkuta getini. Alikaa kwenye kigoda chake cha mianzi, mkono wa kushoto kitambaa chekundu kimefungwa kwa pini, mikononi sindano za kufumia na uzi wa sufu. Alikuwa mtu wa kamati ya mtaa. Sikuhitaji kuelezwa. Mtu aliyekulia Unguja miaka ya sabini anamjua balozi wa nyumba kumi hata akivishwa sura ya Kichina: yale macho yanayokupita kwanza yakaangalia mfuko wako, ndipo yakurudie usoni. Alinichukua mwenyewe kituo cha polisi nikaandikishwa, akasimama karibu yangu mpaka muhuri ukagongwa, na njiani kurudi akanipa sheria zake. "Asa," akasema, maana Salma lilimshinda, "ukiumwa, niambie. Ukilala nje, niambie. Ukiletewa mgeni, niambie." Nikamuuliza, "Na nikinunua samaki?" Akatia sindano ndani ya uzi. "Samaki nitaona mwenyewe."

Shomari, Mdaresalaama aliyekaa hotelini karibu na stesheni akinunua viatu soko la Zhanxi, alicheka mpaka akashika ukuta nilipomhadithia. "Salma weye! Watu tumemkimbia balozi kwetu, wewe umepanda ndege kwenda kumtafuta mwengine!" Na mimi nilicheka. Lakini nilikuwa sijajua bado kwamba balozi wa huku alihesabu hata matumbo ya wanawake. Pale getini, juu ya kichwa cha Bi Wong, ukuta ulikuwa na maandishi mekundu makubwa, na nilidhani ni jina la jengo. Mama Leung ndiye aliyenifasiria, kwa sauti ya chini, huku akifungua bomba la maji la jikoni: zaa mmoja, mlee vizuri. Alikuwa na desturi hiyo ya bomba. Jambo likiwa la kawaida alilisema kwa kelele zake za dukani. Likiwa na uzito, bomba kwanza, halafu maneno. Mimi nikajifunza kuogopa sauti ya maji.

Jioni tulikula mbele ya televisheni. Hong Kong ilikuwa karibu na matangazo yake yalifika, na Guangzhou yote ilipenda tamthilia zao na habari zao. Lakini habari zikigusa jambo lisilotakiwa, picha ilikatwa. Mtangazaji anafungua mdomo, mara unaona maua, au tangazo la dawa ya meno, au mtoto anavuka barabara kwa adabu, mpaka lile jambo lipite. Kisha mtangazaji anarudi akimalizia hali ya hewa. Mara ya kwanza nilidhani televisheni mbovu, nikainuka kuipiga kibao. Mama Leung akanivuta nikae. "Kula samaki," akasema. Ndivyo alivyosema kila mara. Picha ikikatwa, hakuna aliyegeuza shingo. Vijiti viliendelea kwenda bakulini, na mtu akasifia samaki. Nimesikia nyumba za jirani kupitia madirisha, zote kwa wakati mmoja, dawa ya meno ile ile inaimba, na nyumba zote zinasifia samaki. Ukitaka habari bila mkasi ilibidi uwe na antena ya paani, zile zenye fito kama mifupa ya papa, na hizo ziliamriwa zishushwe. Bi Wong alipita na watu wake wakazishusha. Lakini haki isemwe: siku moja ya upepo niliona mashuka yake yamepeperuka kwenye roshani, na nyuma yake fito za alumini zinang'aa. Nikageuza uso. Sijui kama aliniona nimeona.

Na hili nalo lisemwe, ingawa linaniumiza. Chini kabisa, chumba cha karibu na geti, walikaa mke na mume kutoka Sichuan, mafundi cherehani. Walikuwa Wachina ndani ya China, lakini hawakuwa na hati ya kukaa mjini, na bila hati hiyo mtu alikuwa mgeni kuliko mimi. Mke alinipunguzia buibui lililokuwa linaburura, akakataa malipo, akataka tu kushika kitambaa. Asubuhi moja, watu wakipiga mswaki kwenye masinki ya ukumbini, likaja lori. Nilikuwa dirishani. Bi Wong hakupiga kelele wala hakumgusa mtu. Alinyoosha mkono tu, ule wenye kitambaa, akaonyesha mlango. Wakatolewa na ndala. Yule mke alipita karibu yake akasema neno moja ambalo sikulielewa na sikuthubutu kuliuliza. Cherehani ikabaki nje ukumbini. Mvua ilipoanza, Bi Wong aliifunika nailoni na akaifunga kamba vizuri, na baada ya wiki kadhaa, ndugu wa yule mke alipokuja kuichukua, Bi Wong alishika upande mmoja wakaibeba pamoja mpaka barabarani. Nimeyaona yote mawili kwa macho yangu. Nimejaribu miaka mingi kuyafanya kuwa kitu kimoja na nimeshindwa.

Amui alikuja baada ya sikukuu yao ya mwezi mpevu. Alikuwa mtoto wa dada yake Mama Leung, kutoka mji mmoja juu ya mto, mwanamke mwembamba wa uso na mnene wa koti. Mama Leung akatangaza ngazini kwa sauti ya duka kwamba mpwa wake amekuja kumsaidia kazi mpaka mwaka mpya. Tulipoingia ndani, akafungua bomba. Nikajua. Amui alikuwa na binti wa kwanza nyumbani, na hii ilikuwa mimba ya pili. Mumewe aliajiriwa na kiwanda cha serikali. Mtu wa kiwanda aliruhusiwa mmoja. Ikijulikana mapema, wangempeleka hospitali wakaitoa hata ikiwa kubwa kiasi gani, na Amui alinitajia kwa vidole mwanamke wa mtaani kwao aliyepelekwa mwezi wa nane. Ikijulikana baada ya kuzaliwa, mumewe angefukuzwa kazi, na nyumba ilikuwa ya kiwanda. Mpango wao ulikuwa azae kwa siri, amalize mwezi wake wa uzazi ndani, kisha mtoto apelekwe shamba kwa kaka yake Amui, ambaye hakujaliwa, aandikwe kwake. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali. Mama Leung alisema tu, "Chumba chako, Asa. Watu wanaogopa chumba cha mgeni." Nikasogeza makasha ya midoli, tukatandika godoro.

Sasa, kwa watu wa Guangzhou mwanamke mzazi ana chungu chake, kama sisi tulivyo na uji wa pilipili manga. Wanachukua siki nyeusi tamu na tangawizi kuukuu, nyingi, wanachemsha siku baada ya siku tangu kabla mtoto hajazaliwa, halafu wanatia kongoro la nguruwe na mayai ya kuchemsha. Mzazi anakula mwezi mzima, arudishe damu, na majirani wanapelekewa mabakuli. Harufu yake haina mfano. Ni kali, tamu, inapanda ngazi, inaingia chini ya milango, na kila mwenye pua anajua: nyumba hii ina mtoto. Amui alisema aache, atakula kuku basi. Mama Leung hakutaka kusikia. Nilimwona mara moja tu akilia, na ilikuwa kwa jambo hilo. Maji yanamwagika bombani, yeye amesimama na mzizi wa tangawizi mkononi, anasema, "Mimi nilijifungua mwaka wa njaa ya maneno. Tulikuwa tunasimama mbele ya picha ya Mwenyekiti asubuhi kuomba maagizo, jioni tunarudi kueleza tumefanya nini. Wakasema siki ni mambo ya kale. Sikula. Mifupa yangu inauma mpaka leo. Huyu azae kama mwizi, sawa. Na siki pia asipate?"

Wazo lilikuwa langu, na namshukuru Mungu kwa sababu mawazo mazuri hayanijii mara nyingi. Nikamwambia, kwetu tuna achari. Tunatia siki, tangawizi, sukari, pilipili, embe mbichi au ndimu, na tunaichemsha ikanuka mtaa mzima. Nikianza kupika mimi sasa, kwenye sufuria ya kijani, kila wiki, mpaka watu wachoke, nani atajua siki ipi ni ipi? Mama Leung akafunga bomba, akasema kwa kelele yake yote, mlango wazi, "Asa anataka kupika chakula cha kwao! Jamani, mtavumilia!" Nikapika. Embe hazikuwepo, nikatumia figili na ndimu, na sikuona haya kubandika hata siku ambazo hatukuihitaji. Majirani walilalamika. Mzee wa ghorofa ya nne aliniuliza kama Afrika yote inanuka hivyo, nikamwambia ni Zanzibar peke yake. Bi Wong alipanda, akasimama mlangoni, akavuta pua. "Nani kazaa?" akauliza. Nikamwonyesha figili. Nikachota kijiko, akaonja, macho yakamtoka kwa pilipili, akakohoa mpaka nikamletea maji. "Hii haifai kwa mzazi," akasema, "ingemuua," akashuka na sindano zake. Amui nyuma ya makasha alikuwa ameuma pembe ya mto asicheke.

Yan alizaliwa baada ya mwaka mpya wao, mchana wa mvua, kwa mikono ya mkunga mstaafu aliyekuja na mfuko wa mboga kama mtu wa kutoka sokoni. Fataki zilikuwa zimepigwa marufuku mjini miaka hiyo, na watu walipiga kaseti za fataki kuufurahisha mwaka. Jirani mmoja alikuwa bado hajachoka na kaseti yake, na huo ndio mlio uliomfunika Yan alipolia mara ya kwanza. Nilimshika. Nilimsomea adhana sikioni, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia mtoto mchanga, na Mama Leung aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza. Chungu kikubwa kilikuwa tayari. Na Mama Leung, mwanamke yule, akiwa hajalala, akiwa na mzazi ndani na duka la kufungua, alinibandikia changu: sufuria ya kijani, siki, tangawizi na mayai, bila nguruwe, ili na mimi nile furaha. Akanijazia bakuli langu jeupe lenye utepe. "Kula," akasema, akaenda dukani.

Nikakaa nalo mapajani. Yai limekuwa kahawia kwa siki, tangawizi imelainika. Kilichotokea ni kwamba sikuwaza. Mtu aliyelelewa Unguja, chakula cha heri kikiingia nyumbani, na kina harufu, na jirani amekwisha kuinusa, mkono wake unagawa wenyewe. Nikatia nusu kwenye kikombe, nusu nikaiacha bakulini, na bakuli nikalishusha ngazi mpaka getini, nikampa Bi Wong kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa. Nilipoona anavyolitazama ndipo akili ikanirudia. Alilitazama yai. Akanitazama. Sindano zilisimama. Watu walikuwa wanapita na miavuli, hakuna aliyetuangalia.

"Umepika wewe?"

"Mimi."

"Achari ya kwenu."

"Achari ya kwetu."

"Haina pilipili leo."

"Leo nimesahau."

Akalizungusha bakuli. "Na kwenu mnatia mayai?"

"Kwetu tunatia," nikasema.

Akakata yai kwa kijiko, akala polepole, akaliweka bakuli chini ya kigoda chake. Nilipanda ngazi. Mama Leung aliporudi nikamwambia, na hakufungua bomba, alisahau. Alikaa sakafuni. "Kwa nini, Asa? Kwa nini yeye?" Nikamwambia kweli, kwamba kwetu huli kinachonukia na jirani anakiangalia. Akasema, "Na kwetu pia," na akajifunika uso kwa mikono. Amui hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alianza kukunja vitambaa vya mtoto akivitia kwenye mfuko, lakini aende wapi, na mvua ile, na damu bado inamtoka?

Walikuja siku chache baadaye, wanawake wawili na mwanamme mmoja, watu wa ofisi ya kudhibiti uzazi, wanapita jengo kwa jengo baada ya sikukuu kama walivyofanya kila mwaka. Sijui kama waliitwa. Hili nimelipima mara nyingi na sijui. Bi Wong ndiye aliyewaongoza, na niliisikia sauti yake ikipanda ghorofa kwa ghorofa, inataja majina ya waliomo. Chungu kikubwa kilikuwa motoni, hakukuwa na wakati wa kukificha. Nilichowahi kufanya ni kukivua kifuniko kile cha kwao na kukifunika kwa changu chenye utepe, nikasimama mbele yake na mwiko. Amui na mtoto walikuwa chumbani kwangu. Yule mwanamke wa mbele alisimama mlangoni, pua yake ikafanya kazi. "Siki ya tangawizi," akasema. "Nani kazaa hapa?"

Bi Wong akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, "Huyu mgeni. Mwaka mzima tunanuka siki kwa ajili yake, waulize wa ghorofa ya nne. Ni chakula cha kwao."

"Mgeni gani anapika hii?"

"Nimeonja mwenyewe. Wanatia mayai huko kwao."

Mwanamke akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, nikakoroga juu ya kifuniko, yaani nilikoroga hewa. Akaonyesha mlango wa chumba changu. "Na humo?"

"Chumba cha mgeni," akasema Bi Wong. "Mimi sina ruhusa ya kukifungua. Mkitaka, tuwaite kwanza polisi wa wageni, waandike sababu, nasi tusaini." Yule mwanamme akaangalia saa yake. Wakashuka. Bi Wong alikuwa wa mwisho kutoka, na hakugeuka.

Jioni ile alipanda peke yake kurudisha bakuli. Limeoshwa, limefutwa, utepe umefungwa upya. Bakuli la jirani halirudishwi tupu kwetu, na sikujua kama kwao ni hivyo. Ndani mlikuwa na soksi za sufu, nyekundu, jozi moja, ndogo hivi kwamba kidole gumba changu kisingeingia vizuri. Nilizitazama, nikamtazama, na uso wake ulikuwa ule ule wa getini. "Zako, Asa," akasema. "Wewe mtu wa nchi ya joto. Miguu yako itapata baridi." Nikasema, "Asante, Bi Wong. Zitanitosha." Akasema, "Vaa ndani ya nyumba tu. Nje usivae." Kisha akarudi kwenye kigoda chake, na tangu hapo mpaka naondoka Guangzhou hatukuligusa jambo hilo tena. Aliendelea kuniuliza nimelala wapi na nimenunua nini. Yan alizivaa soksi zile safari ya kwenda shamba, chini ya mablanketi, na aliandikwa kwa mjomba wake, akakua, na sasa anakaa Guangzhou.

Watu niliowahi kuwahadithia kisa hiki hutaka nimwite Bi Wong mwema, au wanataka nimwite mnafiki. Siwezi. Yule mke wa fundi kutoka Sichuan hakurudi, na mkono ulionyoosha mlango wake ndio uliofuma soksi. Huenda alitusaidia kwa sababu aliujua uchungu wa Mama Leung. Walikuwa wasichana wakati mmoja, mbele ya picha zile zile. Huenda aliogopa tu fujo ya kufungua chumba cha mgeni. Huenda ni yai lenyewe: ukishalila, umeshakuwa mtu wa furaha ile, huwezi kuilipua. Mama Leung aliniambia tulipoagana uwanja wa ndege, bila bomba, katikati ya watu, "Ulikosea vizuri." Sikumwelewa siku ile. Nadhani sasa alimaanisha kwamba yeye asingethubutu kumpelekea, na Bi Wong asiyepelekewa angekuwa balozi tu. Lakini nadhani tu. Ninachokijua ni kwamba kuna watu wawili waliofunga utepe wa kijani kwenye bakuli langu, na mmoja wao ni yeye.

Jana nilikwenda Darajani nikanunua tangawizi, mayai na siki nyeusi inayouzwa siku hizi kwenye duka la Wachina. Nikabandika. Harufu ikapanda, ikapita dirishani. Bi Zuhura wa nyumba ya pili, ambaye hajui Guangzhou wala Bi Wong, alichungulia na mtandio wake.

"Salma, unapika nini hicho kinatutoa machozi?"

"Achari."

Akaingia, akafunua kifuniko, akatazama. "Achari gani hii ina mayai?"

Nilikuwa tayari nimeshachukua bakuli kumtilia. "Kwetu tunatia," nikamwambia.